Mahali Padogo si Mahali pa Dhiki

Vijana wetu wasomao vitabu vya Kiingereza hukutana mara kwa mara na neno lisilosikika sokoni wala njiani, nalo ni "incommodious", ambalo kwa sauti zetu latamkwa karibu na inkomodiasi. Ni neno la vitabu, la barua za heshima, na la taarifa za watu waliotumwa kukagua majengo na vyombo. Mwanafunzi akiuliza maana yake, mara nyingi hujibiwa upesi, "Maana yake ni finyu," na somo huendelea. Jibu hilo si la uongo, ila limepunguka. Nasi tumeona yafaa kulichunguza, kwa sababu upungufu huo haukukaa katika somo la Kiingereza peke yake. Umeingia na katika Kiswahili chetu cha ofisini, cha mikutano ya kijiji na cha taarifa za shule, na huko una madhara.

Tutakalo kulisema ni jambo moja. Mahali padogo na mahali pa dhiki ni mambo mawili mbalimbali. Udogo hupimwa kwa kamba. Dhiki hupimwa kwa mtu. Chumba chaweza kuwa kidogo na kisiwe na dhiki, na ghuba yaweza kuwa pana na isimfae baharia. Neno lile la Kiingereza hufuata kipimo cha mtu. Lugha yetu nayo yajua sana kutenga mambo hayo, maana ina maneno mengi yaliyogawiwa kazi hiyo vizuri. Lakini siku hizi twayaacha, na mzigo wote twautwika neno moja, yaani ufinyu.

Kwanza tutazame asili ya neno. Katika Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani, modus ni kipimo au kiasi. Warumi wakaliunganisha na neno dogo lenye maana ya pamoja, wakapata commodus, yaani kitu chenye kipimo chake kamili, kitu kinachofaa. Waingereza walilipokea kwa njia ya Kifaransa, yapata miaka 600 iliyopita, wakalifanya "commodious". Hapo mwanzo halikuhusu ukubwa wa chumba hata kidogo. Chochote chenye manufaa, kama njia, wakati au shauri, kiliweza kuitwa hivyo. Baadaye, kwa kuwa nyumba inayofaa kwa kawaida ni nyumba yenye nafasi, neno likasogea polepole hata likawa na maana ya mahali pakubwa pa starehe. Kinyume chake, kilichopatikana kwa kutiwa silabi moja mbele, kilifuata nyayo hizo hizo. Kwanza kilikuwa jambo lenye kusumbua, jambo lisilofaa. Leo hutumika zaidi kwa mahali ambapo mtu hukosa nafasi ya kunyosha miguu.

Lakini neno hilo halikuacha asili yake. Mwingereza akisema kwamba chumba ni "incommodious", hasemi tu ya kwamba kina futi chache. Asema hakimfai mtu kwa kazi iliyokusudiwa: mgonjwa hapati pa kugeuka, karani hapati pa kuweka daftari, abiria hapati pa kuweka magoti. Kikopo cha chumvi chaweza kuwa kidogo sana, wala hakuna atakayekiita hivyo, maana chumvi haina magoti. Ndani ya neno lile daima yumo mtu ambaye mahali hapo pamemshinda.

Kuhusu matumizi yake, kijana na ajue mambo mawili. La kwanza, Waingereza hulitumia kwa nyumba, chumba, meli, kiti cha safarini, na pengine bandari. Kwa kawaida hawalitumii kwa kiatu kinachobana wala kwa akili ya mtu. La pili, ni neno zito. Mtu alitumiaye katika maongezi ya kila siku ataonekana kama mtu aliyevaa joho kwenda kisimani. Katika barua kwa ndugu au rafiki, maneno mepesi yatosha. Katika taarifa ya jengo au katika kitabu cha safari, hapo lapata mahali pake.

Sasa na turudi kwetu. Neno dhiki tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni wembamba wa mahali, kukosa upana. Kwetu limesafiri mbali. Tukisema fulani ana dhiki, twawaza njaa, deni, maradhi au msiba, na habari ya wembamba wa mahali imebaki nyuma. Tazama, basi, mwendo wa maneno haya mawili. Neno la Kiingereza lilitoka katika usumbufu likafika kwenye wembamba. Neno letu lilitoka katika wembamba likafika kwenye usumbufu. Yamepishana kama wasafiri wawili, mmoja atoka Lindi kwenda Kilwa na mwingine atoka Kilwa kwenda Lindi, na barabara ni moja. Sababu yake si ya kutafutwa mbali. Mwili ukibanwa, roho nayo hubanwa, na kila taifa la watu lajua hivyo.

Wazee wetu walikwisha kuyaweka mambo hayo katika methali. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kufaa ndiyo maana ya kwanza ya neno la Warumi, na dhiki ndiyo kinyume chake; yote mawili yamo katika methali moja fupi ambayo kila mtoto aijua. Tena wakasema, Baada ya dhiki faraja. Neno faraja nalo ni la Kiarabu, na shina lake ni la kufungua na kuachanisha, kama mwanya upatikanao mahali palipobanwa. Methali hiyo, tukiirudisha kwenye asili ya maneno yake, yasema kwamba baada ya kubanwa huja mwanya.

Liko na neno nafasi, ambalo twalitumia kila siku bila kulitazama. Shina lake la Kiarabu ni pumzi. Tukisema, "Hapana nafasi," kwa asili twasema kwamba hapana pa kuvutia pumzi. Kipimo cha Mswahili cha mahali, tangu zamani, ni kifua cha mtu. Ndiyo maana konda wa basi huweza kupaza sauti mlangoni kwamba nafasi bado ipo, watu wasogee nyuma, na hapo waliosimama ndani hawawezi hata kujikuna. Yeye apima kwa nauli, nao wapima kwa pumzi. Wasomaji wakumbuke pia habari ya Yusufu na Mariamu walipofika Bethlehemu wakakosa nafasi katika nyumba ya wageni. Hatuambiwi kwamba nyumba ile ilikuwa ndogo. Jambo tulijualo ni kwamba wageni wawili walifika, nao hawakuachiwa mahali.

Yako na maneno mengine. Finyu latokana na kufinya, na laeleza umbo la kitu: kimebanwa, hakina upana. Mlango waweza kuwa finyu, na njia ya msituni yaweza kuwa finyu, ajapo mtu asipite huko mwaka mzima. Neno hilo latazama mahali penyewe tu. Msongamano latokana na kusonga, nalo limetiwa alama ya watu kufanyiana jambo. Msongamano hauwezi kuwapo bila wengi. Kubanana ni vivyo hivyo: mtu mmoja habanani. Basi ukiyapanga maneno haya utaona kwamba kila moja laelekeza kidole upande wake. Finyu laelekeza kwenye kuta. Msongamano laelekeza kwenye hesabu ya waliomo. Dhiki laelekeza kwa yule anayeumia. Mtu anayechagua neno mojawapo amekwisha kutoa hukumu, ajapokuwa hajui.

Tuyapime maneno hayo katika pwani yetu wenyewe, tukianzia Kilwa Kisiwani. Magofu ya huko, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni wengi huja kuyatazama. Mtu aingiapo katika nyumba za mawe za zamani hushangaa kuona vyumba ni virefu lakini vyembamba, na upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Wengine hudhani kwamba watu wa zamani walikuwa maskini wa akili ya ujenzi. La, sivyo. Dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Fundi alijua kwamba mti wa mkoko hautabeba mawe na chokaa kuvuka upana mkubwa, basi akaweka kuta zake karibukaribu. Alipotaka mahali papana alijua njia nyingine: katika Msikiti Mkuu wa Kilwa, sehemu iliyoongezwa baadaye ilifunikwa kwa kuba na matao. Na Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzo wa karne ya 14 juu ya mwamba unaotazama bahari, lina vyumba zaidi ya 100, nyua pana, na birika la kuogea lenye pembe nane.

Je, vyumba vile vya boriti twaweza kuviita "incommodious"? Kwa kamba, vyembamba. Kwa mtu, haikuwa hivyo. Mbele ya chumba palikuwa na ua wa kukaa na kufanyia kazi. Kuta nene na chokaa vilizuia joto. Na ndani watu walilala, wakaweka mali yao, wakapokea wageni wao. Nyumba ilikuwa na kipimo kilichopasa kwa mti uliopatikana, kwa jua lililopo, na kwa desturi za wenyeji. Boriti hizo hizo za mikoko, zikiwamo zilizokatwa katika mdomo wa Rufiji, zilipelekwa majahazini hata Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na huko nako zikaamua upana wa vyumba. Hapa neno finyu, au afadhali -embamba, latosha, na neno dhiki lingekuwa uongo.

Mfano wa pili wapatikana Lindi, nao ni kinyume cha huo. Asimamaye ufukoni Lindi aona maji mapana mahali mto Lukuledi uingiapo baharini. Hakuna atakayesema kwamba ghuba ile ni finyu. Lakini kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali, na mizigo ikashushwa kwa matishari mpaka pwani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipoanzisha mpango wao mkubwa wa kulima karanga na kufungua mashamba Nachingwea, ilionekana kwamba bandari ya Lindi haitaweza kuhudumia meli walizozitarajia. Wakachagua Mtwara, penye kina kirefu, na bandari mpya ikafunguliwa huko mwaka 1954, ingawa mpango wenyewe wa karanga ulikwisha kuvunjwa mwaka 1951. Msafiri wa Kiingereza wa zamani angeweza kuiita bandari ya Lindi "incommodious", naye angesema kweli kwa maana ya kwanza ya neno: haikufaa kwa vyombo vya namna ile. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba neno hilo ni finyu tu, akikutana na maneno hayo kitabuni, atatazama upana wa maji akadhani mwandishi amepotea. Kwa mvuvi mwenye ngalawa au mwenye jahazi dogo, ghuba hiyo hiyo ilikuwa bandari njema. Mahali hapakubadilika, aliyekuja na chombo kingine ndiye aliyeleta kipimo kingine.

Mfano wa tatu ni wa uchungu, wala hatuwezi kuupita, maana ni wa pwani yetu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Watu waliotekwa au kununuliwa pande za Ziwa Nyasa walitembezwa kwa miguu mpaka pwani, wakapakiwa majahazini kwenda Zanzibar, mwendo wa yapata kilomita 300. Upepo ukiwa mwema safari ilikuwa ya siku chache. Kwa hiyo wenye mali waliona ni hasara kupakia chakula na maji ya kutosha, wakaona ni faida kuongeza vichwa. Watu walikalishwa wamebanwa, magoti yamekunjwa kifuani. Upepo ukikataa, wengi walikufa njiani. Mkataba uliotiwa sahihi na Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873 ulikataza kuwasafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao, na mwaka 1876 akakataza na misafara yao ya nchi kavu. Katika mwaka huo huo wa 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyetoa kitabu cha mafunzo ya Kiswahili cha Zanzibar mwaka 1870, alishuka Lindi pamoja na kundi la watu waliokuwa wamewekwa huru, wakapanda bara wakajenga Masasi. Wazee wa nyumba nyingi za huko walikuwa wamekwisha kuijua bahari hii kutoka chini ya sitaha.

Sasa, jahazi lile tuliitaje? Likipakiwa boriti, mtama au pembe, lilisifiwa kuwa chombo kikubwa chenye nafasi. Ukisema lilikuwa finyu, umezilaumu mbao na misumari, nazo hazikukosa neno. Seremala alilipima jahazi vizuri kwa kazi ya jahazi. Kilichokosewa ni hesabu ya mtu aliyesimama pwani na daftari yake, akaamua wangapi waingie. Na liko jambo moja katika neno la Kiingereza ambalo hapa latia baridi moyoni. Kutoka shina lile lile la commodus Waingereza walipata neno lao la bidhaa, "commodity": kwanza lilikuwa manufaa, kisha likawa kitu cha manufaa kinachonunuliwa na kuuzwa. Aliyewapakia watu Kivinje aliwahesabu kuwa bidhaa, na bidhaa, kama chumvi ile tuliyoitaja, haina magoti. Mtu akishahesabiwa hivyo, neno la mahali pasipomfaa halina tena pa kushika, kwa kuwa yule wa kufaliwa ameondolewa katika hesabu. Kwa jahazi lile neno lipasalo ni dhiki, kwa maana zake zote mbili, ya mwili na ya roho. Na baada ya neno hilo sharti litajwe jina la kazi: watu walisongwa. Neno hili la mwisho halimwachi mtendaji apite, maana kusongwa kwataka mwenye kusonga.

Hapo ndipo tunapoiona kasoro ya Kiswahili chetu cha leo. Fungua taarifa yoyote ya ofisini, au sikiliza mkutano, utasikia ufinyu wa nafasi, ufinyu wa muda, ufinyu wa madarasa, na hasa ufinyu wa bajeti. Neno limekuwa kama kofia inayomfaa kila kichwa. Msemaji aliyefika amechelewa saa mbili asema kwamba kwa ufinyu wa muda hatapokea maswali, kana kwamba muda umefinywa na mtu asiyejulikana. Fedha za zahanati zilizogawiwa kwingine husemwa kuwa zimekosekana kwa ufinyu wa bajeti. Bajeti ni mgawanyo, na mgawanyo una wagawaji. Huenda waligawa kwa haki, na huenda kweli fedha zilikuwa chache, hatumshitaki mtu. Twasema tu kwamba neno hilo latuzuia tusiulize, maana laelekeza kidole kwenye kuta.

Tuchukue madarasa, jambo linalowagusa wazazi wote. Tangu Januari 2016 ada ilipofutwa katika shule za serikali, tangu za msingi mpaka kidato cha nne, watoto wengi waliokuwa nyumbani walikuja shuleni. Hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini chumba kilichojengwa kwa watoto 45 kikitiwa watoto 100, chumba hakikufinyika hata inchi moja. Watoto wamesongamana. Ukiandika "ufinyu wa madarasa", msomaji wa taarifa atawaza kwamba waashi wa zamani walikosea. Ukiandika "msongamano wa wanafunzi", ataona kwamba waliongezeka na vyumba havikuongezwa, naye atauliza vyumba vitajengwa lini. Ukiandika "dhiki ya wanafunzi", atamwona mtoto aliyeketi sakafuni akiandika juu ya goti. Maneno matatu, na kila moja latuma watu kazi tofauti.

Tena tutaje mfano mmoja wa mbali na pwani yetu, ila nao ni wa majini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Nani atathubutu kusema mbele ya wafiwa kwamba kivuko kile kilikuwa finyu? Kilikuwa na upana ule ule kiliojengwa nao. Mahali kama hapo tofauti ya maneno si mchezo wa walimu, maana neno likikosewa, na dawa itakosewa: watu watadai chombo kipana zaidi, ambacho nacho kitajazwa kupita kiasi siku ya soko.

Mtu aweza kutujibu hivi: "Lugha hukua. Neno dhiki lenyewe mmesema lilihama; mbona mwalikataza neno ufinyu lisihame?" Swali hilo ni la haki. Hatulikatazi neno kuhama. Finyu ni neno zuri na la asili, wala hakuna jingine la kueleza mlango wa zizi au njia ya mwambani. Lakini tazama namna yalivyohama. Dhiki lilipotoka mahali likaenda kwa mtu, liliongeza maarifa yetu: lilitufundisha kwamba kubanwa kwa mwili na kubanwa kwa maisha ni ndugu. Ufinyu lilipotoka mlangoni likaenda kwenye fedha, muda na watoto, halikutufundisha kitu kipya. Liliyafukuza maneno yaliyokuwa yakisema zaidi. Neno linalohama na liulizwe limeleta nini na limeondoa nini.

Mwingine atasema kwamba twawasumbua vijana kwa neno moja la Kiingereza lisilotumika sana. Nasi twajibu kwamba ni kwa sababu halitumiki sana ndiyo lafaa kwa somo. Maneno ya kila siku mtoto huyajua kwa kuyasikia. Neno gumu humlazimu apime. Kamusi humpa mwanzo tu. Nyumba njema si mlango, na kamusi ni mlango wa neno. Sharti mtu aingie aone waliomo. Basi mwalimu atakapokutana na neno "incommodious", asitoe jibu moja kwa kila mahali. Na aulize mambo matatu. Je, mahali penyewe ni padogo, au pamejazwa? Je, ni nani anayesumbuka hapo, na kwa kazi gani? Je, yuko mtu aliyeamua iwe hivyo?

Akishayajibu hayo, Kiswahili kitamfungulia milango yake. Kama ni nyumba, ataandika: nyumba isiyo na nafasi ya kutosha. Kama ni bandari: bandari isiyofaa kwa meli kubwa. Kama ni kiti cha basi: kiti kinachobana magoti. Kama ni chumba cha wagonjwa ambamo wawili walala kitanda kimoja: chumba chenye dhiki kwa wagonjwa. Kama ni chombo kilichopakiwa kupita kiasi: chombo kilichosongwa watu. Na kama kweli ni mlango ambao mtu mnene hupita ubavu, hapo na aandike finyu, na neno litakuwa limerudi kwenye kazi yake.

Twawasihi wasomaji wetu, hasa wale waandikao kumbukumbu za mikutano ya vijiji na taarifa za kamati za shule, walijaribu jambo hili katika mkutano ujao. Taarifa ikisomwa na neno ufinyu likatajwa, na ainuke mtu mmoja kwa adabu aulize: ufinyu wa kuta, au wingi wa watu, au mgawanyo wa fedha? Jibu na liandikwe kama lilivyotolewa, ili mkutano ujue unajenga chumba, unapunguza watu, au unarudi kwa wagawaji.